Upole unaishia wapi, na woga unaanzia wapi? Nimenyamaza kazini kwa miezi saba

Mtunza Stoo

Habari zenu wanajukwaa. Ninatunza stoo ya vifaa vya ujenzi katika kampuni moja mkoani Morogoro, na jambo ninalolileta hapa silileti ili nionewe huruma, bali kwa sababu akili yangu peke yangu imefika mwisho.

Miezi saba iliyopita lori lilileta saruji. Hati ilisema mifuko 200. Mimi nilihesabu 160 wakati vijana wanashusha, na walipoondoka nikahesabu tena peke yangu, safu kwa safu, nikapata 160 ile ile. Msimamizi wangu aliniambia nisaini tu, kwamba ndivyo mambo yanavyokwenda siku zote. Nikamjibu kwamba mimi ni Mkristo na siwezi kuweka saini yangu chini ya mifuko ambayo macho yangu hayakuiona, kisha nikaandika 160 kwenye leja.

Tangu siku hiyo jina langu ni "Mtakatifu". Nikiingia asubuhi, kuna mmoja anayeanzisha pambio kwa sauti ya kukejeli na wenzake humwitikia. Kiti changu kilitoweka mwezi wa pili, na sasa nakaa juu ya ndoo ya rangi iliyopinduliwa. Mara mbili nimekuta leja imemwagiwa chai. Siku zote hizo sijasema neno. Mchungaji wangu anasema hiyo ndiyo njia ya Kristo na nisiiache. Kaka yangu, ambaye naye ni mwamini wa kweli, anasema huo si upole, ni woga niliouvika joho la kwaya.

Maneno ya kaka yangu yameninyima usingizi, kwa sababu kila wanaponicheka magoti yangu hutetemeka, na kwa hiyo mimi mwenyewe sijui kama nanyamaza kwa imani au kwa kuwa sauti haitoki. Naomba mnisaidie: Mkristo anayechukiwa kwa kufanya jambo la haki ajibu au anyamaze?

Mzee wa Marangu

Pole sana, binti yangu. Mchungaji wako amekuongoza vizuri. Waraka wa kwanza wa Petro, sura ya 2 mstari wa 23, unasema juu ya Bwana wetu kwamba alipotukanwa hakurudisha matukano, na alipoteswa hakuogofya, bali alijikabidhi kwake yeye ahukumuye kwa haki. Nimekuwa mzee wa kanisa kwa miaka 31, na nimeona wengi waliojibu matusi wakashinda mabishano wakampoteza mtu. Kaa kwenye ndoo yako. Mungu anaiona ndoo hiyo.

Fundi wa Kihesa

Shikamoo mzee. Kwa heshima yote, waraka huo huo uliounukuu, ukifungua ukurasa mmoja mbele, sura ya 3 mstari wa 15, unawataka waamini wawe tayari siku zote kumjibu kila mtu awaulizaye habari za tumaini lililo ndani yao, lakini kwa upole na kwa hofu. Petro hakuandika "kumnyamazia kila mtu". Upole ni namna ya kujibu, wala si mbadala wa jibu.

Naongeza jambo moja la lugha. Sisi wenyewe tumeliharibu neno hili mitaani. Mtu akipigwa akanywea tunasema "amekuwa mpole". Aliyefilisika akaacha majivuno tunasema "siku hizi mpole". Tumelifanya neno la aliyeshindwa, halafu tunaingia kanisani Jumapili tukiwa na maana hiyo hiyo kichwani, tunasikia "heri wenye upole", na tunadhani tumeambiwa heri walioshindwa.

Mzee wa Marangu

Marahaba kijana. Mstari unasema "awaulizaye". Je, hao wanaoimba pambio la kejeli wamemwuliza binti huyu jambo lolote?

Fundi wa Kihesa

Hapo umenibana, mzee. Ngoja nilifikirie.

Mkufunzi

Nafundisha Kiyunani katika chuo kimoja cha Biblia, na kwa kuwa Fundi ameigusa lugha, naomba nichangie. Neno lililotafsiriwa "mpole" ni *praus*, na Wayunani walilitumia kwa farasi aliyefunzwa. Farasi wa vita aliyefugwa hajapungukiwa nguvu hata kidogo, ila nguvu zake zote ziko chini ya hatamu. Mpole basi ni mwenye nguvu aliyetiwa hatamu. Dada, kama huna nguvu ya kujibu, kunyamaza kwako bado hakujawa upole. Kutakuwa upole siku utakapoweza kujibu ukachagua namna ya kujibu.

Msomaji wa Usiku

Mkufunzi, mfano wa farasi ni mtamu na nimeusikia madhabahuni mara nyingi, lakini unabebeshwa mzigo kuliko uwezo wake. Ni kweli Xenophon, aliyeandika juu ya ufugaji wa farasi, alilitumia neno hilo kwa mnyama aliyetulia. Hata hivyo lilitumika pia kwa watu kwa maana ya kawaida kabisa, mtu asiye mkali, na hakuna ushahidi kwamba msomaji wa Petro kule Bithinia au Kapadokia, walikopelekewa waraka huo, aliposikia *praus* alimwona farasi wa vita mbele ya macho yake.

Kama tunataka msaada wa Wayunani, mwanafalsafa Aristotle anafaa zaidi. Yeye aliuweka upole katikati ya makosa mawili: mwenye hasira kupita kiasi yuko upande mmoja, na asiyeweza kukasirika hata pale anapopaswa yuko upande wa pili. Kwake yeye, asiyekasirikia jambo baya kabisa naye amekosea.

Mkufunzi

Nimekubali kusahihishwa kuhusu farasi wa vita. Farasi mwenyewe nabaki naye.

Nesi wa Zamu

Mimi sina Kiyunani, nina shavu. Ndugu wa mgonjwa alinizaba kibao saa nane usiku, mbele ya wodi nzima, kwa sababu nilikataa kumruka aliyetangulia ili nimhudumie mama yake kwanza. Nilichokifanya nakikumbuka vizuri. Nilishika meza kwa mkono wa kushoto, nikasema kwa sauti ya chini, "Mama yako ni wa tatu. Nitafika kwake, na nitamhudumia vizuri kama wengine." Sikumpiga, sikumtukana, wala sikubadilisha foleni. Alikaa chini. Hakuomba radhi, si usiku ule wala baadaye, na nawaambia hili kwa sababu shuhuda nyingi huishia kwa mbaya kutubu huku analia. Wangu hakulia.

Mtunza Stoo, magoti yangu nayo yalitetemeka. Ndiyo maana nilishika meza.

Msomaji wa Usiku

Ushuhuda wa Nesi unanikumbusha Yohana 18. Mtumishi wa kuhani mkuu alimpiga Yesu kofi, na Yesu hakugeuza shavu kimyakimya. Alisema, "Kama nimesema vibaya, ushuhudie ule ubaya, bali kama nimesema vema, wanipigia nini?" Mwenye kufundisha habari ya shavu la pili, alipopigwa yeye mwenyewe, aliuliza swali.

Fundi wa Kihesa

Nimewahi kusikia ufafanuzi kwamba Mathayo anataja shavu la kuume makusudi. Mtu wa mkono wa kulia akikupiga shavu la kulia, lazima atumie mgongo wa mkono, na hilo ni pigo la kudharau, la bwana kwa mtumwa. Ukigeuza shavu la kushoto unamwambia: kama ni kupiga, nipige kama mtu sawa na wewe.

Mzee wa Marangu

Luka anasema shavu tu, hatuambii la upande gani. Msijenge nyumba nzima juu ya upande wa shavu.

Mwana Kitgum

Nawasalimu kutoka Uganda, na mnisamehe Kiswahili changu kama kina makosa. Mnabishana kuhusu kujibu na kunyamaza, na sisi tuna mtu aliyefanya yote mawili, Askofu Mkuu Janani Luwum wa Kanisa Anglikana, aliyezaliwa Mucwini, karibu na kwetu. Alikuwa mtu wa uamsho wa Afrika Mashariki, aliyeokoka mwaka 1948, na mwaka 1974 akawa askofu mkuu. Kwa muda mrefu hakumshambulia Idi Amin hadharani. Alikwenda mara kwa mara kwa wakubwa kuomba watu waliokamatwa waachiliwe, na wapo waliomlaumu kwamba yuko karibu mno na serikali. Usiku wa tarehe 5 Februari 1977 askari waliivamia nyumba yake wakitafuta silaha, wakapekua kila mahali na hawakupata kitu. Siku chache baadaye yeye na maaskofu wenzake wakamwandikia Rais waraka wa heshima uliosema waziwazi juu ya upekuzi ule na juu ya mauaji ya raia. Tarehe 16 Februari aliitwa na serikali na hakurudi. Serikali ilitangaza kwamba yeye na mawaziri wawili wamekufa katika ajali ya gari. Waliouona mwili ulipoletwa Mucwini waliona majeraha ya risasi.

Chipukizi wa Mwanza

Asante kwa historia hiyo. Kumbe ndiye wa Namugongo ambako watu huhiji kila mwaka?

Mwana Kitgum

Hapana ndugu yangu, umechanganya nyakati mbili. Mashahidi wa Namugongo waliuawa wakati wa Kabaka Mwanga, wengi wao tarehe 3 Juni 1886, na hiyo ndiyo siku ya hija. Luwum ni wa mwaka 1977, na siku yake ni tarehe 16 Februari, ambayo tangu mwaka 2015 ni sikukuu ya taifa huku kwetu.

Naongeza kitu kimoja ambacho wazee wetu hukisimulia polepole. Kaburi la Luwum lilichimbwa pale kanisa kuu la Namirembe, Kampala, jirani na kaburi la Askofu Hannington aliyeuawa mwaka 1885, lakini serikali haikuwapa watu mwili. Walikuja hivyo hivyo. Walisimama kuzunguka shimo lisilo na mtu ndani, wakaimba.

Wakili Mstaafu

Mfano wa Luwum unanisaidia kusema jambo ambalo wachungaji wengi huliruka. Waraka wa maaskofu wale ulikuwa ni maandishi. Walitaja matukio na hawakumtukana mtu. Kwa miaka yangu yote mahakamani sijaona upole wenye nguvu kuliko karatasi iliyoandikwa kwa utulivu.

Paulo kule Filipi, Matendo 16, alipigwa fimbo hadharani bila hukumu. Usiku alikuwa anaimba gerezani, hilo tunalipenda na tunalihubiri. Asubuhi mahakimu walipotuma watu wamtoe kwa siri, alikataa, akasema wametupiga mbele ya watu wote nasi ni Warumi, na waje wenyewe watutoe. Hilo hatulihubiri sana. Binti yangu, andika tarehe ya kiti kupotea, tarehe za leja kumwagiwa chai, na hesabu ya mifuko ile, kisha umpelekee mkaguzi wa ndani. Kutafuta haki kwa njia ya halali si kulipa ovu kwa ovu.

Mzee wa Marangu

Wakili, nakuheshimu, ila nina hofu. Paulo aliudai Urumi wake baada ya kuwa ameimba usiku na baada ya kumwokoa mlinzi wa gereza asijiue. Wewe unampa binti karatasi kabla hajaimba.

Wakili Mstaafu

Mzee, ameimbiwa miezi saba. Nadhani inatosha.

Nesi wa Zamu

Hapo mzee kapatikana! Tuendelee.

Mjukuu wa Murang'a

Naleta kisa kinachoniuma, kwa sababu hakina jibu rahisi. Nyanya yangu alikuwa miongoni mwa Ahonoki, yaani waliookoka, wakati wa hali ya hatari Kenya, iliyoanza mwaka 1952. Wapiganaji wa msituni, yaani Mau Mau, walimtaka ale kiapo chao cha damu. Alikataa, akasema amekwisha kunywa damu ya Kristo mezani pa Bwana na hawezi kunywa nyingine. Serikali ya kikoloni nayo ilitaka watu wa aina yake wajiunge na ulinzi na washike bunduki, na wengi wa ndugu zake wa uamsho walikataa hilo pia. Walichukiwa pande zote mbili. Nyanya alipigwa na hawa, akashukiwa na wale, na hadi anafariki alikuwa na kovu juu ya nyusi ya kulia ambalo hakuwahi kutuambia ni la upande upi. Tulipomwuliza alisema, "Aliyenipiga anajua."

Fundi wa Kihesa

Ndugu yangu, nakuelewa na namheshimu nyanya yako. Lakini lazima liulizwe swali hili: ardhi ilikuwa imechukuliwa na watu walikuwa wanafungwa kambini. Je, upole wa nyanya haukumfaidi mkoloni zaidi kuliko jirani yake?

Mjukuu wa Murang'a

Baba yangu alimwuliza swali hilo hilo kwa miaka 20. Hawakuwahi kukubaliana, na walikula meza moja kila Jumapili. Mimi sina jibu bora kuliko lao.

Mrundi wa Kigoma

Kwetu Burundi, tarehe 30 Aprili 1997, wenye silaha waliingia katika seminari ndogo ya Buta, mkoa wa Bururi. Waliwaamuru wanafunzi wajitenge, Wahutu huku na Watutsi kule. Vijana wale walikataa kuachana. Waliuawa 40. Tafadhali mwone umri wao: ni vijana wa sekondari. Hawakumjibu aliyewachukia kwa neno la imani lililopangwa vizuri. Walishikana tu. Nadhani ujasiri wa Kikristo mara nyingine si jambo la kinywa kabisa, na kwa hiyo swali la "ajibu au anyamaze" linaweza kuwa limekaa vibaya tangu mwanzo.

Bint Tanga

Asalaam aleikum. Mimi ni Mwislamu, na nimesoma uzi huu tangu jana bila kuandika, lakini maneno ya Mrundi yamenivuta. Tarehe 21 Desemba 2015 basi lililokuwa likienda Mandera, Kenya, lilivamiwa, na wavamizi wakawataka Waislamu wajitenge na Wakristo. Waislamu walikataa, na wapo waliowapa Wakristo mavazi yao wajistiri wasitambulike. Mwalimu Salah Farah alipigwa risasi, akafariki Januari 2016. Sisemi haya ili kushindanisha dini. Nasema kwa sababu katika kisa hiki na kile cha Buta, anayechukiwa hakusimama peke yake. Dada Mtunza Stoo, umetueleza anayeimba na wanaoitikia. Je, katika stoo nzima hakuna hata mmoja asiyeitikia?

Mkufunzi

Waaleikum salaam, na asante. Swali lako ni zuri kuliko Kiyunani changu, lakini niruhusu niongeze jambo kuhusu neno "hofu" katika ule mstari wa 15 alioutaja Fundi, maana Mtunza Stoo ameuliza juu ya magoti. Tafsiri mpya husema "kwa upole na heshima", ya zamani inasema "kwa upole na kwa hofu". Mstari mmoja tu kabla yake, wa 14, Petro amekataza kuogopa vitisho vya watesi, na katika Kiyunani neno ni la shina lile lile. Kwa hiyo ndani ya mistari miwili hofu imekatazwa na hofu imeagizwa. Mimi nasoma kwamba iliyokatazwa ni ya wanadamu, na iliyoagizwa ni ya Mungu.

Msomaji wa Usiku

Au iliyoagizwa ni heshima kwa anayeuliza, kama tafsiri mpya ilivyochagua. Wote wawili tuna wataalamu nyuma yetu. Ninachokubaliana nawe ni kwamba Petro hasemi lolote kuhusu magoti.

Mwana Kitgum

Kabla hatujafika mbali, nimkumbuke pia Festo Kivengere, askofu wa Kigezi, rafiki wa Luwum, aliyevuka milima usiku pamoja na mkewe wakakimbilia Rwanda mara baada ya mauaji. Kwa maelezo yake mwenyewe, alipokuwa uhamishoni aliona moyo wake unajaa uchungu dhidi ya Amin, na ilikuwa katika ibada ya Ijumaa Kuu mjini London kwamba alijua lazima amsamehe. Mwaka huo huo alitoa kitabu ambacho jina lake lilitangaza kwamba anampenda Idi Amin. Watu wetu wengine walikasirika sana. Nawatajia kwa sababu alikimbia kwanza. Hakuna aliyemwita mwoga, na msamaha wake haukuwa wa bei nafuu kwa kuwa alikuwa mbali.

Mzee wa Marangu

Nilimsikia Kivengere akihubiri nilipokuwa kijana. Sauti yake haikuwa kali. Nakumbuka tulinyamaza uwanja mzima.

Mtunza Stoo

Samahani kwa kuchelewa kurudi. Nimesoma kila kitu, mengine mara tatu.

Juzi Jumatatu yule ndugu alianza pambio kama kawaida. Nilisimama kutoka kwenye ndoo, nikashika rafu ya misumari kama Nesi alivyoshika meza, nikamwambia: "Kaka, kama nilihesabu vibaya, twende tukahesabu pamoja. Kama nilihesabu vizuri, kiti changu kiko wapi?" Nilikuwa nimeyafanyia mazoezi nyumbani lakini sauti ilitoka ndogo kuliko nilivyotaka. Hakujibu. Msimamizi aliangalia simu yake. Pambio liliendelea, ila walioitikia walikuwa wawili, na siku zote huwa wanne au watano.

Bint Tanga, asante. Sikuwahi kuwaza swali lako. Yupo kijana mmoja wa kushusha mizigo ambaye nilipofikiria vizuri, sijamsikia akiitikia hata mara moja katika miezi saba. Jana asubuhi nilikuta kiti karibu na meza yangu. Si changu, mguu mmoja umefungwa kwa waya. Sikuuliza nani amekileta.

Wakili Mstaafu

Umeandika tarehe?

Mtunza Stoo

Nimeandika zote, mzee wangu. Barua kwa mkaguzi bado iko kwenye mkoba. Lori la nondo linakuja Alhamisi, na yule kijana ameniuliza kama anaweza kuhesabu pamoja nami.

Mzee wa Marangu

Alhamisi saa moja asubuhi nitakuwa nimepiga magoti kwa ajili yako. Na Wakili, bado sijakubaliana na wewe.